Le Corbusier na kanuni zake tano: nadai mzizi uko kwao La Chaux-de-Fonds, Paris ilivuna tu

#1 Mwashi wa Kigamboni

Wakuu salaam.

Usanifu wa kisasa ukitajwa, picha inayoletwa ni ile ile: Villa Savoye pale Poissy karibu na Paris, nyumba nyeupe juu ya nguzo nyembamba, dirisha refu limeizunguka. Tunasimuliwa kwamba msanifu Le Corbusier alitangaza kanuni zake 1927, wakati wa maonyesho ya nyumba ya Stuttgart, dunia ikabadilika. Wengi mnazijua: nyumba inyanyuliwe juu ya nguzo, paa liwe bapa na liwe bustani, ramani ya ndani iwe huru kwa kuwa kuta hazibebi mzigo, madirisha yalale kwa urefu, na sura ya mbele ichorwe bila kufungwa na nguzo.

Mimi nadai mambo haya alikuwa nayo karibu yote kabla hajahamia Paris 1917, akiwa bado Charles-Édouard Jeanneret, mtoto wa mpaka rangi wa nyuso za saa katika mji wa watengeneza saa huko Uswisi.

Ushahidi wangu mkubwa ni paa. Mwaka 1916 alianza kumjengea Anatole Schwob, tajiri wa biashara ya saa, nyumba yenye paa bapa mahali ambapo theluji hulala miezi. La Chaux-de-Fonds iko takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na nyumba za pale zilikuwa na mapaa ya mteremko. Hoja yake ilikuwa ya kifundi kabisa. Ukishaweka mabomba ya joto ndani ya nyumba, theluji iliyo juu ya paa la mteremko inayeyuka, maji yanateremka mpaka ukingoni ambako ni baridi, yanaganda tena, yanaziba gata. Basi paa liinamie ndani kidogo, maji yakusanyike katikati na kushuka kwa bomba linalopita ndani ya nyumba penye joto, ambako hayagandi.

Kanuni ya pili hiyo, imetoka kwenye theluji ya kwao, miaka 10 na zaidi kabla ya Stuttgart. Nawasilisha.

#2 Bint Shangani

Nimekaa, endeleeni.

#3 Kokoto Laini

Mkuu umeandika vizuri ila umemruka mtu mzito: Auguste Perret, msanifu wa majengo ya zege. Kijana Jeanneret alifanya kazi ofisini kwake Paris mwaka 1908 na 1909. Ofisi yenyewe ilikuwa chini ya lile jengo la ghorofa la Rue Franklin, la 1903 na 1904, lenye fremu ya zege inayosomeka kwa nje ingawa imevikwa vigae, na juu kabisa kuna bustani kwenye paa. Mtu anaingia kazini kila asubuhi chini ya fremu ya zege na bustani ya paa, halafu tuambiwe kajifunza theluji? Paris ilimpa kabla ya hiyo nyumba ya Schwob.

#4 Msomi wa Ubungo

Kabla hatujafika mbali tuweke rekodi sawa, maana kuna watu watakuja kusema alianza na nyumba nyeupe. Kazi ya kwanza ni Villa Fallet, 1906 na 1907, hajafika miaka 20. Mwalimu wake wa shule ya sanaa, Charles L'Eplattenier, ndiye aliyempatia, na hakuichora peke yake. Alikuwepo René Chapallaz, msanifu mwenye uzoefu.

Itazameni ile nyumba kwa karibu. Paa kali la mteremko lenye kingo pana. Ukuta wa mbele, juu, umechorwa kwenye plasta misonobari iliyogeuzwa kuwa pembetatu, moja juu ya nyingine, kwa rangi. Mpaka mbao za kushikilia paa zimechongwa zifuate umbo hilo hilo la mti. Ni nyumba ya mapambo mwanzo mwisho. Katika kanuni tano hamna hata moja. Sasa mleta mada, kama mzizi uko La Chaux-de-Fonds, hii tunaiweka wapi?

#5 Mwashi wa Kigamboni

#4 Fallet inaonyesha namna alivyofundishwa kufikiri. L'Eplattenier aliwataka wanafunzi wauchukue msonobari, waondoe kila kisicho cha lazima, wabaki na umbo lake la msingi, kisha walirudierudie umbo hilo. Baadaye akafanya vile vile kwa nyumba nzima: akaondoa, akaondoa, akabaki na nguzo na bamba, yaani slabu.

#3 Perret namkubali kwa zege. Ila dirisha la kulala si lake na hawezi kupewa. Miaka ya 20 wawili hao walibishana hadharani: Perret akishikilia kwamba dirisha sharti lisimame wima kama mtu anavyosimama, mwanafunzi wake akijibu kwa vipimo vya mwanga vya wapiga picha kwamba dirisha la kulala huingiza mwanga zaidi.

#6 Fundi Zege Mwanza

Mimi sikusoma usanifu, nasimamia ujenzi wa maghorofa. Nataka tuongelee ule mchoro wake wa fremu ya nyumba, Dom-Ino, wa 1914, maana naona mnauzunguka.

Nguzo sita, mabamba matatu, ngazi pembeni. Basi. Aliufikiria vita vilipoanza, Flanders kule Ubelgiji ikiwa imebomolewa, ili watu wajengewe fremu haraka na kila mmoja ajaze kuta kwa kifusi alichonacho. Mimi ninachokiona pale ni vitu viwili ambavyo mtu asiyesimama saiti hawezi kuviona. Kwanza, chini ya bamba pako laini, hakuna bimu zinazoning'inia, kwa hiyo ukuta wa ndani unauweka popote unapotaka. Pili, nguzo hazipo ukingoni. Zimerudishwa ndani, bamba limetoka nje kuzipita. Hapo ndipo dirisha refu linapozaliwa, kwa sababu ukutani hakuna nguzo ya kulikata.

Sasa njooni kwetu. Kila ghorofa Kariakoo ni nguzo na slabu kisha tofali za kujaza, watu wanasema tumemwiga mzungu. Tumechukua nusu. Sisi nguzo tunazipanga kwenye mstari wa ukuta wa nje kabisa, na bimu juu yake, halafu tunatoboa vidirisha vidogo katikati. Uhuru wote wa sura ya mbele tumeufukia kwenye tofali.

#7 Kokoto Laini

#6 heshima yako fundi. Hii ndiyo elimu.

#8 Mjukuu wa Mhandisi

Fundi kaeleza sawa, lakini hesabu za hilo bamba alipiga nani? Jeanneret hakuwa mhandisi, alianza kama mwanafunzi wa kuchonga makasha ya saa. Msaada ulitoka kwa rafiki yake Max Du Bois, mhandisi, aliyekuwa amekwisha kutafsiri kwa Kifaransa kitabu cha Emil Mörsch cha zege la nondo. Jina lake halitajwi kwenye mihadhara, na mimi linaniuma. Mhandisi anakokotoa, msanifu anapewa sanamu.

#9 Nyota ya Tanga

Kwa hiyo fremu ya Perret, hesabu za Du Bois, theluji ya Mungu. Le Corbusier tumwachie miwani tu? 😂

#10 Mtawa wa Peramiho

#9 subiri, tunampunguzia na bustani. Mwaka 1907 alitembelea monasteri ya Ema, karibu na Florence. Kila mtawa ana kijumba chake, chini yake au ubavuni ana bustani yake ndogo iliyozungushiwa ukuta, na mbele anaona bonde lote. Faragha na jumuiya mahali pamoja. Aliirudia 1911 akiwa njiani kurudi kutoka safari yake ya Istanbul na Athens. Michoro yake ya 1922 ya maghorofa ambayo kila nyumba ina bustani yake angani ni Ema iliyorundikwa. Alisema mwenyewe deni hilo, halihitaji kubahatisha. Nimeishi kwenye nyumba ya watawa. Ukishakaa kwenye chumba kidogo chenye ua wake unaelewa kwa nini kijana wa miaka 19 hakuisahau.

#11 Bint Shangani

Mimi naja na pwani. Mnasema paa bapa kana kwamba ni jambo la 1916. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zilikuwa na mapaa bapa ya chokaa karne na karne. Zinabebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Ukuta mnene wa matumbawe ndio unaobeba kila kitu. Kwa hiyo ukiniuliza, jipya lake halikuwa paa. Jipya ni kwamba zege na nondo vilivunja ile amri ya boriti. Chumba kikawa na upana unaoutaka.

Na mjue Lamu watu waliishia kuweka makuti juu ya hayo mapaa bapa, kwa jua na mvua.

#12 Mama Wawili Goba

#11 umenigusa penyewe. Nina nyumba ya paa la kujificha, zile za kisasa zinazoonekana kama boksi. Fundi alinijengea ukuta wa kuzuia paa lisionekane, nyuma yake akaweka gata moja refu, tundu la kutokea maji moja. Masika ya kwanza jani la mwembe likaziba tundu. Maji yakajaa kule juu kimya kimya, yakapita juu ya gata, yakaja kwenye dari la jasi. Niliona duara la rangi ya chai juu ya kitanda cha mtoto, asubuhi yake dari likawa chini.

Nimesoma huyu babu yenu naye alimfanyia hivyo hivyo mama wa Villa Savoye. Ni kweli?

#13 Msomi wa Ubungo

#12 pole sana dada. Ni kweli. Nyumba ilikamilika 1931. Barua za Bi Savoye zipo: mvua inaingia ukumbini, inaingia kwenye ile njia ya mteremko ya kupandia, ukuta wa gereji umelowa chapachapa, na bafuni kwake maji yanapita kwenye dirisha la darini. Mwaka 1937 alimwandikia kwamba nyumba haikaliki na kumtishia sheria. Vita vikaingia, familia ikaondoka 1940, kesi haikufika popote.

#14 Kokoto Laini

Hapo lawama ni ya wakati, tusimwonee. Miaka ya 20 vifaa vya kuzuia maji vilikuwa lami na karatasi zake, na zege lenyewe linatanuka na kusinyaa kila siku. Leo tuna membreni za kila aina na bado dada wa Goba analowa.

#15 Fundi Zege Mwanza

#14 sikubaliani. Zege kutanuka kunajulikana na fundi yeyote. Unaacha nafasi ya kutanukia, unatoa mwinuko wa kutosha, matundu mawili ili moja likiziba lingine lifanye kazi, na la tatu juu yake la kumwaga nje hali ikichafuka. Dada wa #12, dai hilo tundu la tatu, ni gharama ndogo. Tatizo la huyu mzee ni kwamba hakutaka ukingo utokeze. Ukuta mweupe umekatika juu wima, hauna hata mdomo wa kudondoshea maji. Mvua inaosha ukuta kutoka juu mpaka chini. Huo ni uamuzi wa mchoraji. Alitaka boksi safi machoni, mwenye nyumba akalipa.

#16 Nyota ya Tanga

Alikuwa mchoraji kweli. Tangu 1918 na rafiki yake Amédée Ozenfant walikuwa na harakati zao za picha: chupa, glasi, gitaa, mistari safi tu. Mimi nadhani majibu yote mnayotafuta yako pale. Nyumba zake za 1923 ni zile picha zimepewa milango.

#17 Mjukuu wa Mhandisi

#16 picha za chupa haziwezi kuzaa fremu ya 1914. Tarehe zinakukataa.

#18 Nyota ya Tanga

#17 fremu haziwezi kuzaa rangi nyeupe. Mchoro wa 1914 hauna rangi wala sura. Sura imekuja baadaye, Paris.

#19 Otieno wa Buruburu

Wadau, kuna kitu kinaitwa Pessac hamjakigusa. Karibu na Bordeaux, 1924 hadi 1926, tajiri wa sukari Henry Frugès alimwambia Le Corbusier ajenge mtaa mzima wa wafanyakazi, nyumba kama 50. Kanuni zikatoka kwa matajiri zikaenda kwa watu wa kawaida. Wakazi walifanya nini? Walipunguza madirisha marefu, wakaziba nafasi za wazi chini ya nyumba, wakaezeka mapaa ya mteremko juu ya yale bapa, wakaongeza vyumba kwenye baraza za juu.

Mimi nimekulia Buruburu, Nairobi. Kila jirani kaongeza chumba mbele, duka pembeni, ghorofa juu. Baba yangu alibomoa ukuta wa jikoni wiki ileile tulipohamia. Kwa hiyo nikiona picha za Pessac za miaka ya 60 naona nyumbani. Wengine wanasema kanuni zilishindwa. Mimi naona fremu ilifanya kazi yake: kuta hazibebi, mtu akabadilisha, nyumba haikuanguka.

#20 Msomi wa Ubungo

#19 ongeza kwamba zilikaa tupu miaka kadhaa mwanzoni kwa mvutano na mamlaka, hasa kuhusu kuunganishiwa maji. Walioingia hawakuwa wale waliokusudiwa. Leo baadhi zimerudishwa sura ya zamani, na mtaa umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO ya 2016 pamoja na kazi zake nyingine, jumla 17 katika nchi 7.

#21 Mkadiriaji Majenzi

Naomba kuuliza kuhusu fedha, maana ndiyo kazi yangu. Nyumba aliyowajengea wazazi wake 1912, wanayoiita Maison Blanche, iliwashinda wazee. Waliiuza 1919 kwa hasara. Nyumba ya Schwob ilivuka makadirio mpaka mwenye nyumba na msanifu wakafikishana mahakamani. Mtu kashagombana na mteja mkubwa wa mji mdogo, tena mji ambao kila mtu anamjua mwenzake. Nani angempa kazi tena? Mimi nasema kuhama 1917 kulitokana na hesabu mbaya, na bila ile hesabu mbaya tusingekuwa na kanuni tano.

#22 Kokoto Laini

Aliondoka kwa sababu Paris ndiko mambo yalikuwa. Na aligombana hata na L'Eplattenier kabla ya hapo. Schwob ni tone.

#23 Mtoto wa Arusha

Mbona kanuni ya kwanza, nguzo za chini, hakuna anayeigusa? Nyumba ya Schwob imekaa moja kwa moja juu ya ardhi. Dom-Ino nayo iko chini. Nguzo zinaonekana kwenye Citrohan, nyumba aliyoibuni 1922. Nimewahi kusikia maelezo matatu. Moja, gari: pale Poissy ukuta wa chini umepindwa kufuata mzunguko wa gari linapogeuka kuingia gereji. Mbili, unyevu wa ardhi. Tatu, na hili ndilo linalonivutia, kwamba watoto wa shule wa Uswisi wa enzi yake walifundishwa kwa fahari kuhusu vijiji vya kale vilivyokuwa juu ya magogo kwenye maziwa yao, vilivyogunduliwa 1854.

Na kwa kuwa natoka Arusha: Ernst May, msanifu Mjerumani aliyekuwa naye kwenye kuanzisha CIAM, umoja wa wasanifu wa kisasa, 1928, alihamia Tanganyika 1934 akalima karibu na kwetu, baadaye akafungua ofisi Nairobi, akapanga upanuzi wa Kampala. Huyu ndiye aliyejifunza jua letu. Le Corbusier mwenyewe alijenga Paris lile jengo la Jeshi la Wokovu, 1933, ukuta wa kioo usiofunguka unaotazama kusini. Kiangazi watu wakaiva. Vizuia jua vikaja kuongezwa baadaye.

#24 Bint Shangani

#23 na hapa Dar tusimsahau msanifu Anthony Almeida, aliyesomea Bombay akaja kujenga kwa kuvukisha upepo na kukinga jua. Zile kuta za tofali za matundu mnazopita kila siku ni jibu la swali ambalo kanuni tano hazikuuliza.

#25 Mwashi wa Kigamboni

Nimewasoma wote, asanteni. Hoja ya nguzo za chini ya #23 ni nzito na nitaitafutia jibu. Lakini Schwob narudi nayo. Fremu ya zege imejazwa tofali: ipo. Paa bapa lenye baraza za kukaa: lipo. Katikati kuna sebule ya kimo cha ghorofa mbili, na dirisha kubwa la vioo viwili lenye mabomba ya joto katikati yake ili baridi isishuke. Mtu aliyewaza hivyo 1916 hakungoja Paris imfundishe kwamba fremu inaruhusu kioo. Na #18, upande wa barabara kuna bamba kubwa la ukuta tupu, jeupe, halina dirisha wala pambo. Sura hiyo imetangulia picha za chupa kwa miaka miwili.

#26 Nyota ya Tanga

#25 limezungukwa na matofali ya rangi na fremu ya kupendeza kabisa, usilikate picha kando!

#27 Mbeba Mizigo Geneva

Niko Uswisi, nilishakwenda La Chaux-de-Fonds kwa treni kutembelea Maison Blanche, iko wazi kwa wageni. Naongeza kitu ambacho sijaona humu. Ghorofa ya juu, chini tu ya ukingo wa paa, madirisha yamepangwa mstari mmoja yakikaribiana sana, vipande vyembamba tu vya ukuta katikati. Ukiwa mbali unaona mstari mmoja mrefu. Nje kuna bustani iliyoinuliwa yenye kivuli cha mbao, unaipita kabla ya kuingia ndani. Hii ni 1912, mwaka mmoja tu baada ya safari ya Istanbul. Na paa lake ni la mteremko, kwa hiyo theluji ya mleta mada hapa bado haijamfundisha kitu, ila dirisha limeshaanza. Ndani sebuleni kuna nguzo nne.

#28 Fundi Zege Mwanza

#27 hizo nguzo nne zinabeba au ni pambo? Na vile vipande vya ukuta kati ya madirisha vina upana gani? Kama vinabeba paa, hilo bado ni dirisha la Perret limelazwa kwa nguvu. Ukirudi tena pima, kisha utuwekee hapa.